Arubuni kwa Kireno: Msamiati wa Biashara na Sheria Iliyomo Ndani Yake

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linalomgusa kila anayeuza na kununua nje ya mpaka wa nchi yake, nalo ni maneno ya biashara ya Kiingereza pamoja na yale yanayolingana nayo katika Kireno, na hasa yale yanayodhaniwa kuwa yanalingana ilhali hayalingani.

Kwa nini Kireno, msikilizaji atauliza, wakati Kiingereza kinadaiwa kutosha dunia nzima? Jibu liko karibu. Mto Ruvuma ndio unaotenga Tanzania na Msumbiji, na tangu mwaka 2010 Daraja la Umoja limekuwa likiunganisha Mtambaswala, upande wa Mtwara, na Negomano, upande wa Cabo Delgado. Ng'ambo ya mto huo husikika Kimakonde, Kimakua na Kimwani, na katika vijiji vya pwani ya kaskazini husikika Kiswahili chenyewe, lakini lugha rasmi ya nchi, ambayo ndiyo lugha ya ankara, ya mkataba, ya benki na ya mahakama, ni Kireno. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, iliendesha shughuli zake kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno hadi Agosti 2019, ambapo mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam ulikiongeza Kiswahili kuwa lugha ya nne. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Tanzania anapokaa mezani na mwenzake wa Nampula au Pemba, mara nyingi wote wawili hukimbilia Kiingereza, lugha ambayo si ya mmoja wala ya mwingine, na kila mmoja huijaza maana anazozijua kutoka kwao.

Hoja kuu ya mazungumzo haya ni moja, nayo itarudiwa kadiri mifano inavyokuja: neno la biashara hubeba sheria na desturi ya nchi linakotumika, kwa hiyo anayelitafsiri bila kuitazama sheria hiyo huwa amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo yenye fedha.

Uchukuliwe mfano wa neno ambalo kila mfanyabiashara analijua, neno la Kiingereza "deposit". Kwa Kiingereza, neno hilo hutumika kwa fedha iliyowekwa benki, kwa fedha ambayo mpangaji humwachia mwenye nyumba kama dhamana, na kwa fedha ambayo mnunuzi hutanguliza ili bei ifungwe na bidhaa asiuziwe mwingine. Kireno hakikubali kuyafunga mambo hayo matatu katika neno moja. Fedha ya benki ni "depósito". Fedha ya dhamana, inayotarajiwa kurudi mkataba ukiisha salama, ni "caução". Na fedha ya kufungia bei ni "sinal". Je, yupo msikilizaji wa pwani asiyejua kwamba Kiswahili nacho kina neno lake mahususi kwa fedha hiyo ya tatu? Ni arubuni, ambalo Waswahili walilipata kutoka Kiarabu, na ambalo linakaribiana na "sinal" kuliko neno lolote la Kiingereza.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo sheria inapojitokeza. Kanuni ya Madai ya Ureno ya mwaka 1966, yaani kitabu cha sheria kinachotawala mikataba na mali baina ya watu, ilienezwa hadi Msumbiji wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru wa 1975 imeendelea kuwa msingi wa sheria ya mikataba nchini humo. Kwa mujibu wa Kanuni hiyo, aliyetoa "sinal" akivunja ahadi kwa kosa lake, aliyeipokea ana haki ya kubaki nayo. Na aliyeipokea akivunja ahadi yeye, hulazimika kuirudisha maradufu. Si hayo tu. Iko aina ya mkataba iitwayo "contrato-promessa", ambao ni mkataba wa kuahidiana kwamba mkataba wa mauzo wenyewe utafungwa baadaye, na katika mkataba huo wa ahadi ya mauzo, fedha yoyote ambayo mnunuzi mtarajiwa amemkabidhi muuzaji mtarajiwa huchukuliwa kuwa ni "sinal", hata kama wao wenyewe waliiita malipo ya awali au sehemu ya bei, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.

Sasa msikilizaji afikirie mtu wa Mtwara aliyekubali kuuziwa ghala katika mji wa kaskazini mwa Msumbiji, akatanguliza sehemu ya bei, na katika maelezo ya Kiingereza aliyotumiwa neno lililotumika ni "deposit". Yeye, aliyezoea sheria ya mikataba iliyorithiwa kutoka Uingereza, anajua kwamba akijitoa huenda akaipoteza fedha hiyo, na kwamba muuzaji akigeuka atamdai fedha yake pamoja na fidia ya hasara atakayoweza kuithibitisha, kwa kuwa katika sheria aliyoizoea kurudisha maradufu si kanuni inayokuja yenyewe bila kuandikwa. Hajui kwamba neno lililoko katika mkataba wa Kireno linampa haki kubwa zaidi, na muuzaji akigeuka ataipokea fedha yake ileile akashukuru Mungu na kurudi nyumbani. Haki ilikuwa ndani ya neno, na tafsiri ikaimwaga njiani.

Baada ya mfano huo wa maneno yanayobeba sheria, ambayo ndiyo kundi la kwanza, mazungumzo yageukie kundi la pili, nalo ni la maneno yanayofanana sura na kuachana maana. Chanzo cha mfanano ni historia. Kireno ni mtoto wa Kilatini moja kwa moja, na Kiingereza, ingawa asili yake ni nyingine, kilijazwa maneno ya Kilatini kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa hiyo lugha hizi mbili zina maelfu ya maneno yenye asili moja, na mengi kati ya hayo yameachana maana katika karne zilizofuata. Ubaya wa maneno ya aina hii ni kwamba msomaji hashtuki. Neno geni kabisa humpeleka mtu kwenye kamusi, lakini neno lenye sura ya kujulikana hupita bila kuulizwa.

Kwa mfano, barua ya mdaiwa ikisema kwamba malipo yatafanyika "eventualmente" mwezi Juni, msomaji wa Kiingereza ataona ndani yake neno "eventually" na kuamini kwamba fedha itakuja, hata kama kwa kuchelewa. Barua haikusema hivyo. Neno la Kireno lina maana ya "huenda", yaani malipo yanaweza kufanyika na yanaweza yasifanyike. Mdai anayepanga kulipa mishahara kwa kutegemea barua hiyo amejenga hesabu zake juu ya labda. Kinyume chake, mwenzake akimwandikia kwamba kampuni ina "compromisso", asidhani ni "compromise" ya Kiingereza, yaani mwafaka wa kila upande kulegeza msimamo. Katika Kireno hiyo ni ahadi yenye kumfunga mtu, au hata miadi tu ya kukutana. Mmoja anasema amejifunga, mwingine anasikia kwamba amelegeza, na mazungumzo ya bei yanaendelea kila mtu akiwa katika kikao chake.

Liko pia neno "prejuízo", ambalo kwa sura linakumbusha neno la Kiingereza la chuki isiyo na sababu, lakini katika vitabu vya hesabu vya Kireno ni hasara, kinyume cha "lucro" ambayo ni faida. Katika bima, tukio lililosababisha hasara inayodaiwa, iwe moto, ajali au mafuriko, huitwa "sinistro", na fomu ya bima yenye neno hilo haina hila yoyote ndani yake, ingawa "sinister" ya Kiingereza humtia mtu wasiwasi. Na atakayepita katika mitaa ya Lisbon akaona kwenye kioo cha duka maandishi "trespassa-se", asidhani ni onyo la kumkataza kuingia, kwa sababu "trespass" ya Kiingereza ni kuingia katika mali ya mtu bila ruhusa. Mwenye duka anasema jambo lililo karibu na kinyume chake: biashara hii inahamishwa kwa mwingine ikiwa hai, pamoja na jina lake na wateja wake, mwenye nia aingie waongee.

Je, tatizo liko upande mmoja tu, wa Kireno kumpotosha msomaji wa Kiingereza? Hapana, na hapa kinakuja kundi la tatu, ambalo pengine ni zito kuliko la pili ingawa halizungumzwi sana: maneno ya Kiingereza yaliyo mapana mno. Neno "share", ambalo Kiswahili hulitafsiri kwa hisa, katika Kireno hugawanyika kulingana na aina ya kampuni. Kampuni ndogo na za kati katika nchi za Kireno huwa mara nyingi za aina ambayo jina lake huishia na kifupisho "Lda." huko Ureno na Msumbiji, au "Ltda." huko Brazili, na maana yake ni kwamba dhima ya wenye mali ina ukomo. Fungu la mwenye mali katika kampuni hiyo huitwa "quota", na mwenyewe huitwa "sócio". Kampuni ya aina nyingine, "Sociedade Anónima", ambayo kwa tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa kampuni isiyo na jina la mtu, ndiyo yenye "acções", yaani hisa zinazogawanywa na kuhamishwa kwa wepesi zaidi. Kwa sikio la Kiingereza, "quota" ni kiwango cha juu kilichowekwa, kama kiwango cha samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, basi mwekezaji anayesoma kwamba amepewa "quota" anaweza kudhani amewekewa kikomo, kumbe ameandikwa kuwa mwenye mali. Na anayejiona amenunua hisa ambazo atamuuzia yeyote siku yoyote anahitaji kujua kwanza kwamba katika kampuni ya "quotas" wenzake huwa na sauti juu ya nani aingie.

Neno "balance" nalo ni hivyo hivyo. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno zaidi ya moja hapa: salio ni fedha iliyobaki katika akaunti, mizania ni taarifa ya mali na madeni ya kampuni kwa tarehe fulani, na urari hutumika katika urari wa malipo ya nchi. Kireno pia hutenganisha, kwa kuwa salio ni "saldo", mizania ni "balanço", na orodha ya majaribio ambayo mhasibu huitengeneza kabla ya kufunga hesabu ni "balancete". Mtu akitoka Kiswahili kwenda Kireno moja kwa moja, salio hukutana na "saldo" na mizania hukutana na "balanço" bila utata wowote. Akipitia Kiingereza, maneno mawili yaliyo wazi hutumbukia katika neno moja lenye utata, kisha inambidi akisie yatoke vipi upande wa pili. Jambo hili lirudiwe kwa sababu ni la msingi: mara nyingi Kiswahili na Kireno vimekaribiana katika mgawanyo wa maana, na Kiingereza kilichowekwa katikati ndicho kinachovitenganisha.

Kabla ya kuendelea, litajwe jambo moja ambalo si neno bali ni alama, nalo lina hatari kubwa kuliko maneno yote yaliyotajwa. Katika maandishi ya Kireno, nukta hutenganisha maelfu na mkato hutenganisha desimali, kinyume kabisa cha mazoea ya Kiingereza ambayo Tanzania, Kenya na Uganda hufuata. Hati ya kusindikiza mzigo, ambayo Kireno huiita "guia de remessa", ikiandikwa 12.500 kg ina maana ya kilo elfu kumi na mbili na mia tano, na karani wa Afrika Mashariki asiyejua atasoma kilo kumi na mbili na nusu. Kosa kubwa hivyo hugunduliwa mapema, kwa kuwa lori zima la korosho halifichiki. Kosa baya ni lile la bei ya kipimo, kama 1,250 kwa kilo, ambayo kwa Mreno ni moja na robo na kwa Mtanzania ni elfu moja mia mbili na hamsini, na ambayo inaweza kupita katika jedwali la kompyuta bila mtu kuinua macho. Pia bilioni ya Kiswahili, ambayo ni milioni elfu moja, huitwa "mil milhões" huko Ureno, ambako "bilião" ni kubwa kuliko hiyo mara elfu, wakati Brazili huiita "bilhão".

Kutajwa kwa Brazili kunaleta swali jingine: Kireno kipi? Wasemaji wa Brazili pekee ni wengi kuliko wa nchi nyingine zote za Kireno zikijumlishwa, kwa hiyo vitabu na zana nyingi za kujifunzia hufuata Kireno chao. Mtanzania anayejifunza ili afanye biashara Beira au Nacala anahitaji kujua kwamba mhasibu, ambaye Brazili ni "contador", huko ni "contabilista", na kwamba mtaji wa kuendeshea shughuli za kila siku, ambao Brazili huitwa "capital de giro", Ureno na Msumbiji huitwa "fundo de maneio". Ankara ya kodi Brazili ni "nota fiscal", na Msumbiji ni "factura". Namba ya mlipakodi, ile ambayo Tanzania huitwa TIN, Msumbiji ni NUIT, Ureno ni NIF, na kwa kampuni ya Brazili ni CNPJ. Hata kodi ya ongezeko la thamani, inayojulikana kama IVA kote Ureno, Msumbiji na Angola, haikuwa na jina hilo Brazili, ambako kodi kadhaa za ngazi tofauti za serikali zilifanya kazi hiyo hadi mabadiliko ya katiba ya Desemba 2023 yalipoanza kuziunganisha. Nayo tahajia hutofautiana, kwa sababu Mapatano ya Tahajia ya mwaka 1990, yaliyoondoa herufi zisizotamkwa, hayajashika Msumbiji na Angola kama yalivyoshika Ureno, kwa hiyo "factura" na "fatura" ni kitu kimoja.

Wasikilizaji wengine watakuwa wamechoka kusikia tofauti, basi waupokee undugu. Kireno kilikaa karne nyingi jirani na Kiarabu, tangu majeshi ya Kiislamu yalipovuka kuingia Rasi ya Iberia mwaka 711, na katika biashara alama za ujirani huo ziko wazi. Forodha kwa Kireno ni "alfândega", ghala ni "armazém", orodha ya viwango vya ushuru ni "tarifa", na yote matatu yana asili ya Kiarabu. Mzizi ulio ndani ya "armazém" ndio uliozaa hazina ya Kiswahili. Kipimo cha "arroba", ambacho wafugaji wa Brazili bado hukitumia kupangia bei ya ng'ombe wa nyama, kina asili moja na robo ya Kiswahili. Hata sarafu ya Msumbiji, metical, iliyoanza kutumika mwaka 1980, ilipata jina kutoka mithkali, kipimo cha dhahabu kilichojulikana katika masoko ya Sofala na Kilwa kabla Vasco da Gama hajapita pwani hii mwaka 1498. Kiswahili nacho kilichukua kwa Wareno meza, leso, mvinyo, karata na bendera. Lugha hizi mbili zimefanya biashara kwa zaidi ya miaka 500, na inasikitisha kwamba leo zinaongea kwa kupitia mkalimani wa tatu.

Nini kifanyike, basi? Kwa mfanyabiashara mmoja mmoja, njia iliyo salama ni kujifunza neno likiwa ndani ya hati yake: achukue ankara halisi, hati ya mzigo halisi na mkataba halisi wa nchi anayokwenda, asome kila neno mahali lilipo, aulize linamdai nini na linampa nini, na pale penye fedha ya kutanguliza aulize kwa jina kama ni "sinal" au ni "caução". Mkataba ukiwa wa lugha mbili, sharti kiwepo kifungu kinachosema ni nakala ipi itakayotawala maana zikigongana, na asiweke sahihi kabla kifungu hicho hakijaonekana.

Kwa taasisi, kazi ni kubwa zaidi na imechelewa. Kiswahili kimekuwa lugha ya SADC tangu 2019, na wafanyabiashara wa Mtwara, Ruvuma na Cabo Delgado wanahitaji kamusi ya biashara ya Kiswahili na Kireno, isiyopitia Kiingereza, yenye arubuni mkabala na "sinal", mizania mkabala na "balanço", na maelezo mafupi ya sheria chini ya kila neno linalobeba sheria. Baraza la Kiswahili la Taifa, idara za Kiswahili na za sheria katika vyuo vikuu, pamoja na wenzao wa Maputo, wanao wataalamu wa kuifanya kazi hiyo, na wafanyabiashara wa mpakani, wanaozijua hati hizo kwa kuzishika kila siku, waitwe mezani tangu siku ya kwanza.